Jina Kwenye Waya

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua watu wa kwaya, hawatakuachilia kabla ya kuimba nyimbo tatu na kumaliza chai birika mbili. Nina kama saa tatu. Nimefunga mlango wa karakana, nimetundika kibao kwamba fundi hayupo, na nimekaa kwenye meza yangu ya kuchomelea. Naandika kwa kalamu kwa sababu mambo haya sitaki yaingie kwenye simu ya mtu yeyote, yako wala yangu. Uvumilie mwandiko. Mkono huu umezoea kukata waya.

Kesho unahamia Eldoret. Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo mama yako Mwende alikufundisha kabla hajatuacha, na kama hukuyashika kwake hutayashika kwangu. Wiki nzima hii umeniuliza jambo moja tu: "Baba, ninunue ruta gani?" Nikasema nitakuandikia. Ukacheka, ukaniambia, "Buda, ni ruta tu, si wosia." Nilicheka pia. Lakini kuna ruta moja niliyoichagua vibaya miaka kumi na saba iliyopita, na sijawahi kukuambia, na nadhani ukishajua hutarudi tena kwenye nyumba hii. Nimejaribu kujiambia kwamba utarudi. Siamini.

Nianze na lililo rahisi, maana uliuliza swali na unastahili jibu.

Faiba, ile waya ya intaneti, ikifika kwenye chumba chako, watu wa kampuni watakufungia kiboksi cheupe ukutani, kisha watakupa ruta yao. Ile ya kupewa inamtosha mtu wa kutazama vichekesho jioni. Wewe kazi yako ni kuongea na wateja wa ng'ambo saa nane mfululizo, na ukikatika mara tatu wanakufuta kazi, kwa hiyo nunua yako. Usihesabu antena. Muuzaji atakutolea moja yenye antena nane, imekaa kama buibui aliyelala chali, na atakuambia hiyo ndiyo mashine. Igeuze. Tazama matundu ya nyuma na uulize yanapitisha megabiti ngapi, mia moja au elfu moja. Ukilipia faiba ya kasi ya mia mbili halafu ukaipitisha kwenye tundu la mia moja, nusu yake inabaki mlangoni, na kampuni haitakupigia simu kukuarifu. Chukua yenye bendi mbili. Bendi ya chini inafika mbali na kupenya kuta, ila ni ya polepole. Ya juu ina kasi lakini ikikutana na ukuta wa mawe inachoka haraka. Iweke mahali pa juu, katikati ya nyumba, si sakafuni nyuma ya kochi kama ulivyotaka kuiweka hapa. Na isiwe karibu na bati. Bati huizuia kabisa, na sisi wa mtaa wa Kabiro tumeishi ndani ya bati vya kutosha kulijua hilo.

Siku ya kwanza, kabla hata hujapika, badilisha neno la siri la kuingilia ndani ya ruta yenyewe. Ukiingia humo utakuta ukurasa mmoja unaoonyesha kila simu na kila kompyuta iliyounganishwa, kwa jina lake. Ukurasa wa hapa nyumbani mimi huufungua kila jioni. Hukujua hilo. Simu yako ikitokea kwenye orodha, "Nekesa", najua umefika getini kabla sijasikia viatu vyako, na ninaweza kuacha kujifanya nafuatilia taarifa ya habari. Umekuwa ukiniuliza kwa nini huwa sina wasiwasi ukichelewa. Nilikuwa nao, ila ulikuwa unaisha dakika moja kabla hujaniona.

Sasa jina. Juzi ukiwa unakunja nguo uliniambia mtandao wako utauita "Nekesa wa Wafula". Ulilisema kwa fahari, na mimi nikatoka nje nikidai naenda kuangalia kama maji yamekuja. Maji hayakuwa yamekuja. Nilikuwa nimeshika ukuta.

Usiuite hivyo, mwanangu. Iache na zile herufi na namba ilizokuja nazo kutoka kiwandani. Nikienda kufungia watu waifai, kila ploti ya wapangaji naona majina: familia ya fulani, nyumba ya fulani, mama fulani ghorofa ya pili. Simama kwenye kona yoyote hapa Kawangware na simu mkononi, utasoma nani anaishi wapi bila kubisha hodi hata mlango mmoja. Watu wanaona ni mapambo. Nikiwaambia waondoe, wananiuliza, "Kwani fundi unaogopa nini?" Jibu lake si la kutolewa mlangoni, na ngazi imeegemea bega. Wewe nitakupa.

Unajua kwamba mimi sikukuzaa. Hilo hatukukuficha hata siku moja. Mama mzazi wako alifariki kwa ugonjwa ukiwa na miaka miwili, na Wafula, baba yako, akabaki na wewe katika chumba kimoja nyuma ya saiba yangu. Unajua pia kwamba alikufa siku zile mbaya baada ya kura. Tulikuambia alifia barabarani akikimbia. Uliniuliza ukiwa darasa la nne, ukaniuliza tena ukiwa kidato cha pili, na mara zote mbili nilikuambia alikuwa anakimbia. Hakuwa anakimbia. Asingeweza.

Saiba ile unaikumbuka kidogo sana, kama unaikumbuka. Ilikuwa kibanda cha kompyuta sita, chenye pazia badala ya mlango mchana, na dishi juu ya paa la kuvutia intaneti. Faiba hatukuwa tumeisikia. Intaneti ilikuwa ya kuhurumiana: mtu mmoja akipakua picha, wengine watano wananyamaza wakisubiri. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya waya mjini kwa Mhindi mmoja, na nilipoanza changu nilitaka kiwe sawasawa kama ofisi. Ruta yangu nilichukua mwezi mzima kuichagua. Nilienda mjini mara nne. Nilisoma makaratasi ya maelezo mpaka Mwende akasema nimwoe hiyo ruta, yeye aende zake kwao Kitui. Nilipoileta, nyeusi, matundu manane, taa za kijani, baba yako alikuja kuitazama akiwa amekubeba mgongoni kwa leso, akaniambia, "Fundi, hii kitu inakaa kujua mambo mingi kukuliko."

Yeye alikuwa fundi wa redio na simu, na alikuwa amejikusanyia kompyuta kuukuu chumbani ya kuchapia watu picha za pasipoti na karatasi za nyimbo za kanisa. Akataka intaneti. Nikamvutia waya kutoka kwenye ruta yangu, ikapita juu ya mabati, ikavuka kichochoro, nikaifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ikashuka mpaka chumbani kwake. Wengine walipoona nao wakataka. Nikawa na waya nne zinazotoka nje: ofisi ya kanisa, duka la fotokopi, mama mmoja wa kuchapa barua, na baba yako.

Kwa Mhindi nilikuwa nimefundishwa kwamba waya isiyo na jina ni ya fundi mbovu. Mimi sikuwa fundi mbovu. Nilinunua plasta nyeupe ya kidonda pale kwa duka la dawa, nikaikata vipande, nikavizungusha kwenye kila waya karibu na ruta na kuandika kwa kalamu ya wino mzito. Sikuandika namba. Niliandika majina ya wenyewe, kwa herufi kubwa, na chumba. WAFULA, CHUMBA 9. Baba yako alipoona hiyo alinicheka.

"Si ungeandika tu moja, mbili, tatu? Mimi si maiti, nifungwe jina kwa kidole."

"Hii ndiyo standard," nikamwambia, na kifua mbele.

"Haya, standard. Mungu akubariki na hiyo standard yako."

Ndivyo alivyokuwa, Nekesa. Alimtania mtu hata akiwa anamwazima vitu vyake. Unacheka kama yeye, kwa pua, na kuna siku ukicheka mimi hulazimika kutazama pembeni.

Matokeo ya urais yalipotangazwa, kelele zilianza kabla msomaji hajamaliza kusoma. Sehemu moja zilikuwa za furaha, nyingine za uchungu, na baada ya saa moja hukuweza kuzitofautisha. Asubuhi yake baba yako alikuja kwetu amekubeba. Ulikuwa umevaa gauni la Krismasi na soksi moja. Alikukabidhi kwa Mwende hapo mlangoni.

"Mama, kaa na huyu leo. Huko nje wanauliza watu majina, wajue ni wa kabila gani."

"Na wewe, si ukae pia?"

"Hapana, nikikaa hapa nitawaletea shida. Na nikiacha ile mashine wataibeba, na ndiyo unga ya huyu."

Mwende alimsihi. Mimi nikatoa wazo. Nataka ulisome hili polepole, kwa sababu nimelibeba muda mrefu na sitaki nilipunguze: wazo lilikuwa langu. Siku zile watu walikuwa na ujanja mmoja ambao ulisaidia wengi. Mtu anaingia chumbani mwake, ananyamaza, na mwenzake anamfungia kufuli kwa nje. Anayepita anaona kufuli, anajua wenyewe wamekimbia, anaenda zake. Nikamwambia nitamfungia, kisha saa kumi na moja jioni nimfungulie tumpeleke kanisani ambako watu walikuwa wanakusanyika.

Mimi jina langu halikuwa la upande huu wala upande ule, au ndivyo nilivyojidanganya, na niliona naweza kutembea. Tulienda pamoja hadi chumba namba tisa. Aliingia akiwa na chupa ya maji na mkate nusu. Nikafunga.

"Umefunga?" akauliza kutoka ndani.

"Nimefunga."

"Sasa usiende mbali na hiyo ufunguo."

Nilimwambia siendi mbali. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia, na ilikuwa uongo, ingawa wakati ule sikujua.

Nilikuwa narudi kwenu nikakumbuka ruta. Si kompyuta, hizo zilikuwa nzito na za zamani. Nikakumbuka ruta. Nikageuza njia nikaingia saiba kwa mlango wa nyuma. Kelele zilikuwa vichochoro viwili tu kutoka pale, na moshi nilikuwa nauonja. Nikaanza kuchomoa waya moja baada ya nyingine. Nilizishika zile plasta zote nne. Jina la baba yako lilikuwa hapa, katikati ya kidole gumba na cha shahada, na nikalisoma.

Nimewahi kujisimulia kwamba nilikuwa na haraka, kwamba nilisahau majina yapo. Nimejisimulia hivyo mara nyingi, na leo nimekaa hapa ili nisifanye hivyo tena. Sikusahau. Kuchana plasta nne ni kazi ya nusu dakika. Niliziangalia nikafikiria siku tutakapofungua tena, nikaona kwamba bila majina itanisumbua kujua waya ipi ni ya nani juu ya mabati yale. Nikaziacha makusudi, ili kazi ya kurudisha iwe rahisi. Nikaziachilia zikaning'inia ukutani, nne, zimepangana vizuri, na nikaondoka na ruta ndani ya koti.

Hiyo ndiyo ruta niliyoichagua.

Waliingia saiba muda mfupi baadaye. Walibeba kompyuta. Mmoja wao alijua kusoma vizuri, kwa sababu alikuwa mteja wangu wa kila Jumamosi, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kufungua barua pepe. Akasoma ukutani. Majina matatu hayakumsumbua. La nne lilimsumbua. Chumba kiliandikwa, na kama wangekosa chumba, waya ilikuwepo juu ya mabati kuwaonyesha. Kufuli haliwezi kumdanganya mtu ambaye ameshaambiwa jina na mlango.

Hawakulivunja. Hawakuwa na haja ya kuingia.

Sikuweza kurudi mapema kwa sababu njia ilifungwa na nikajificha kwa jirani, ruta imenibana mbavu. Nilifika saa kumi na moja, kama nilivyoahidi. Nilipofika kwenye kona niliona waya yangu imeanguka, mpira umeyeyuka, nikaifuata kwa macho mpaka inakoishia. Mlango ulikuwa bado umesimama, mweusi kwa moto. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Sitaandika zaidi ya hapo. Si kwa sababu sikumbuki.

Nilirudi kwa Mwende. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka unakula uji, ukaniuliza, "Baba Wafula?" Ndivyo ulivyokuwa ukimwita, kwa jina kamili, kama mwalimu wa shule. Mwende akanitazama usoni, akakuchukua akakugeuza uangalie ukuta. Siku tatu baadaye tulikubeba kwa miguu mpaka kwa dada yake mtaa wa Laini Saba, tukidhani huko kuna nafuu, tukakuta huko nako watu wamelala kwenye uwanja wa shule na vibanda vya kando ya reli vimeungua. Hakukuwa na mahali. Nyanya yako kutoka Webuye alituma ujumbe baada ya barabara kufunguka. Alikuwa mzee na mgonjwa, akasema, "Kama mnampenda kaeni naye." Tulikaa nawe. Tulikupenda kabla ya hapo, Nekesa, lakini sijawahi kuweza kutenganisha kukupenda na kukuficha.

Ruta yenyewe ilidumu miezi minne. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ikaungua ndani. Niliifungua kwenye meza hii hii nikitafuta cha kuokoa, sikupata.

Baadaye watu wa kuchunguza fujo zile walikuja na fomu. Waliandika moto, waliandika hasara, waliniuliza kama kuna jambo la kuongeza, nikasema hakuna. Mwende alijua yote. Nilimwambia kabla ya mwezi ule kuisha. Kesho yake akaniambia, "Huyu mtoto ameshapoteza wawili. Usimwongezee wa tatu." Nilimtii kwa sababu ilinifaa kumtii. Alipokuwa hospitali siku za mwisho nilimwuliza tena kama nikuambie, akageuza uso. Sijui kama alikuwa anakataa au alikuwa amechoka na mimi.

Ningeweza kuendelea kumtii. Lakini mwaka jana niliitwa kufunga faiba kwenye ploti mpya kule chini, na aliyefungua mlango alikuwa ni yule mteja wangu wa Jumamosi. Jina lake sitaliandika. Nimeandika majina ya kutosha. Ana mke sasa, ana watoto wawili, ana kitambi, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kitu. Tulisalimiana. Mtaani tumekuwa tukisalimiana miaka yote hii, maana ukiacha kusalimiana na kila mtu wa aina ile huku kwetu utatembea bubu. Nilitoboa ukuta, nikavuta waya, nikaiweka ruta juu ya kabati. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, siku hizi haubandikangi majina?"

Sikugeuka. Nilimaliza kukaza skrubu. Nikamwambia siku hizi zinatumika namba. Akasema, "Ni poa hivyo." Nikachukua malipo yangu nikatoka. Mpaka siku ile nilikuwa na kisehemu kidogo cha shaka cha kulalia. Nilikuwa naweza kusema labda walijua chumba kwa njia nyingine, labda jirani alisema. Aliniondolea hicho pia. Na mimi nikamfungia waifai, mwanangu, na inafanya kazi vizuri sana.

Sasa unaona kwa nini sikuweza kukujibu kwa ujumbe mfupi.

Sina busara ya kukupa kutokana na haya. Ningekuwa nayo ningeitumia mwenyewe. Kuna vitu viwili vitatu tu ambavyo nimevijua kwa njia mbaya. Usimruhusu mtu akufungie kwa nje, hata anayekupenda, hata mimi. Ufunguo wa mahali ulipo uwe ndani na wewe. Na ukikutana na mtu anayekuambia yeye hayuko upande wowote, msikilize lakini usimpe uhai wako akushikie. Mara nyingi ana kitu kidogo cha kwake anachokipenda, na hakijui mpaka siku ile inapofika. Mimi nilifikiri mimi ni mtu mwema mwenye ruta nzuri. Wema wangu haukuwahi kupimwa kabla ya asubuhi ile, na ulipopimwa ulichukua nusu dakika.

Kura nyingine inakuja. Kila inapokaribia nawasikia vijana pale steji ya matatu wakiongea maneno yale yale niliyoyasikia wakati ule, na hawa hata hawakuwa wamezaliwa. Nilidhani ukikaa sana na jambo kama hili unaona linapungua. Halipungui. Eldoret nako siwezi kukuambia ni salama zaidi, unajua yaliyotokea huko siku zile zile. Ndiyo maana nilikataa mwanzoni usiende, ukanikasirikia siku mbili ukidhani nakunyima maisha. Nilikuwa naogopa jina lako mlangoni. Lakini hapa pia hapakuwa salama, na aliyepafanya pasiwe salama ndiye aliyekuwa akikupikia ugali.

Nimekununulia ruta. Usinunue nyingine. Ina bendi mbili, matundu yote manne ni ya elfu moja, na haina miguu ya buibui. Iko kwenye boksi la kahawia kando ya begi lako, na barua hii nitaiweka juu yake, kwa hiyo utaisoma ukifungua boksi kule, si hapa. Hapo tena nimekuwa mwoga. Ningetaka kukuona ukiisoma, na siwezi. Kesho asubuhi nitakubebea begi mpaka stejini kana kwamba hakuna kitu, na wewe utanikumbatia bila kujua. Nisamehe kwa hilo hata kama hutanisamehe lile jingine. Nilitaka kukumbatiwa mara moja zaidi.

Chini ya ruta, imefungwa kwa karatasi, utakuta ufunguo mdogo wa shaba. Uliwahi kuniuliza ufunguo ule kwenye shada langu unafungua nini, nikakuambia ni wa droo ya zamani. Sasa unajua. Sikupi kama kumbukumbu. Nakupa kwa sababu ni wako tangu siku ile, na mimi nimekuwa nao mbali.

Huku majirani wataendelea kuniita Baba Nekesa, hawajui jina jingine. Nitaitika. Wewe usijilazimishe. Ukitaka kunipigia namba ni ile ile, na usipopiga nitaelewa, na usidhani nasema hivyo ili unihurumie. Nimefikiria sana, na sioni njia ambayo mtu anasoma haya halafu anarudi kukaa kwenye kochi lile.

Kitu kimoja tu nitakifanya. Neno la siri la waifai ya hapa sitalibadilisha. Simu yako inalikumbuka. Ikitokea siku umekuja Nairobi kwa shughuli zako, na ukapita kwenye barabara yetu, huna haja ya kubisha wala kunisalimia. Pita tu polepole karibu na geti. Simu yako itajiunga yenyewe, na mimi nitakuwa nimefungua ule ukurasa kama kila jioni, na nitaona jina lako kwenye orodha, na sitatoka nje.

Mimi,
Mutisya